Kuburuta Vipande au Kuandika Msimbo: Nilivyoifikisha Gemu Yangu Mwisho

Gemu yangu inaitwa Chenji. Mchezaji ni makanga wa matatu ya viti 14 inayotoka mjini kwenda Buruburu. Abiria wanapanda, wanakunyoshea noti, na kila mmoja lazima awe amepata chenji yake kabla hajashuka. Huyu amekupa 200 na nauli ni 70. Yule wa dirishani ametoa 1,000, anasema analipia wawili. Wa nyuma anashukia City Stadium na pesa yake bado umeishika.

Leo gemu hiyo iko kwenye simu za watu nisiowajua. Sehemu kubwa ya mwanzo niliitengeneza kwa kuburuta vipande vya maagizo yaliyo tayari kwenye skrini, bila kuandika mstari hata mmoja. Iliyobaki niliandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta kwa maandishi. Nilipokuwa natafuta pa kuanzia, niliambiwa maneno ya aina mbili: kwamba programu za kuburuta ni za watoto wa shule, na kwamba msimbo ni wa waliosomea chuo kikuu. Ya kwanza yalinipotezea muda, ya pili yakanipotezea muda na pesa. Ndiyo maana nayaeleza haya kwa mapana.

Kazi yangu ni usanifu. Nachora mabango ya maduka, kadi za harusi na stika za matatu katika duka la uchapishaji karibu na River Road. Kompyuta basi si kitu kigeni kwangu, lakini kuprogramu sikuwahi kusomea, na hesabu niliziacha kidato cha nne. Wazo la gemu lilitoka kazini. Makanga wanaokuja kuchukua stika hunisimulia mambo ya barabarani wakisubiri, na nikaona ile hesabu wanayoifanya kichwani, gari likiyumba na mlango uko wazi, tayari ni mchezo.

Kwanza nilikwenda chuoni. Nilikopa shilingi 30,000 kwenye chama chetu, nikajiandikisha darasa la jioni la kutengeneza gemu katika chuo kimoja cha mjini. Tulifundishwa C#, lugha inayotumika na Unity, programu kubwa ya kutengenezea gemu. Jioni baada ya jioni tuliandika programu za kutafuta wastani wa alama za wanafunzi na kupanga majina kwa alfabeti, maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Nilipouliza ni lini tutaona kitu kikisogea, niliambiwa nipunguze haraka. Muhula ukaisha Unity hatujaifungua. Darasa lilianza limejaa, likaisha tumebaki wachache, na walioacha walikuwa watu wenye mawazo mazuri ambayo mpaka leo nayakumbuka. Mkopo wa chama niliulipa kidogo kidogo, na kila mwezi nilipopeleka pesa uchungu ulinirudia.

C# haina ubaya, na waliofundishwa vizuri wanajua thamani yake. Ila kabla hujalipa ada popote, omba kuona gemu zilizotengenezwa na wanafunzi waliopita na uzicheze kwa simu yako pale pale ofisini. Uliza ni wiki ya ngapi mwanafunzi huona picha yake ya kwanza ikitembea. Wakishindwa kujibu, rudi nyumbani na pesa zako.

Aliyeninyanyua ni binamu yangu, anayeandika programu za kampuni moja huko Westlands. Nilimwonyesha daftari langu la darasani, akalifunga.

"Dadangu," akaniambia, "weka hili kando kwanza. Nionyeshe abiria mmoja akipanda gari. Mmoja tu, sitaki gemu nzima."

Tulianza na Scratch, programu ya kuburuta vipande, kwa muda mfupi, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa tayari anaitumia. Scratch ilitoka mwaka 2007 katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Ni ya bure, na kwenye mipangilio yake unaweza kuchagua Kiswahili, vipande vikageuka. Kwa mtoto, au kwa mtu mzima anayeogopa Kiingereza cha kompyuta, sijaona mahali pazuri zaidi pa kuonja. Lakini mimi nilitaka gemu ya kuweka Play Store, na Scratch haikukusudiwa hilo. Ndipo binamu akanipakulia GDevelop.

GDevelop nayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukurasa wake wa kazi una pande mbili: kushoto unaweka sharti, kulia unaweka kitendo, na viwili hivyo kwa pamoja huitwa tukio. Abiria akiguswa, na noti aliyoishika ni ya 100, basi ongeza 100 kwenye pesa zilizo mkononi. Unachagua kwenye orodha na kupanga. Usiku huo nililiweka gari nililochora mwenyewe, nikamweka mama mmoja mwenye kikapu, nikampa sharti moja na vitendo viwili, nikabonyeza kitufe cha kucheza. Mama akatembea hadi mlangoni akapanda. Nikamrudisha stejini, akapanda tena. Nilikaa nikimtazama akipanda mpaka usiku ukawa mkubwa, na ile hofu niliyotoka nayo darasani ikaanza kuniachia.

Anayerudi nyumbani saa mbili usiku kutoka kazini, na bado ana chakula cha kupika, hawezi kungoja miezi aone matunda. Akiona kitu kinasogea usiku wa kwanza, kesho atarudi kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo nguvu ya vipande.

Niseme na gharama. Laptopu nilinunua iliyotumika, Luthuli Avenue, kwa shilingi 24,000 baada ya kuvutana na muuzaji, kisha fundi akaniongezea RAM ikafika gigabaiti 8. Kwa gemu za picha bapa inatosha kabisa. Angalia sana uzito wa programu kabla hujaipakua kwa bando. GDevelop ni nyepesi, na Godot, programu ya gemu ya kuandika msimbo nitakayoieleza mbele, ni nyepesi hivyo hivyo. Unity ni gigabaiti kadhaa, na Unreal, nyingine ya aina hiyo, ni makumi ya gigabaiti, bando la mwezi mzima kwa wengi wetu. GDevelop ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti, jambo lililonifaa sana mtaani kwetu. Stima zikipotea, betri ya laptopu inakupa saa moja au mbili za kazi. Construct 3, nayo ya kupanga matukio, ni nzuri na hufanya kazi ndani ya kivinjari, lakini toleo la bure lina kikomo cha idadi ya matukio, na ukitaka zaidi ni malipo ya kila mwaka. GameMaker tangu mwishoni mwa 2023 ni bure kwa asiyeuza, na anayeuza hulipa mara moja karibu dola 100. Mtu wa Nairobi anayeanza na mfuko mwembamba, ningemwelekeza kwenye GDevelop.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda mbio. Kisha nikampa binamu simu ajaribu, na gemu ikamshinda vibaya. Abiria walikuwa wanakasirika kabla hajamaliza kuhesabu. Nikampa mpwa wangu simu ya bei nafuu ya mamake, naye akashinda raundi zote bila jasho. Nilidhani mtoto ana kipaji. Tukabadilishana simu, na matokeo yakabadilika nazo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoanza kuprogramu kwelikweli ingawa sikuwa nimeandika msimbo. Gemu huchora picha upya mara nyingi kila sekunde, na kila picha huitwa fremu. Uvumilivu wa abiria wangu ulianza na 600, na kila fremu nilipunguza 1. Kwenye laptopu yangu fremu ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo abiria alivumilia sekunde 10, kama nilivyokusudia. Simu ya binamu ni ya kisasa, inachora fremu 120, kwa hiyo uvumilivu uliisha kwa sekunde 5. Simu ya mamake mpwa wangu ilikuwa inahema kwa fremu 30, na abiria wakawa watulivu kwa sekunde 20. Gemu moja, simu tatu, ugumu wa aina tatu.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu fremu ukahesabu muda. Kila fremu unauliza: tangu fremu iliyopita zimepita sekunde ngapi? Jibu hilo ndilo unaloondoa kwenye uvumilivu. GDevelop ina fomula ya hilo, TimeDelta(), na Godot hukupa thamani hiyo hiyo kwa jina la delta. Uvumilivu nikauandika upya kwa sekunde: 10. Kila fremu nikaondoa TimeDelta(). Simu zote tatu zikawa sawa. Ukichukua jambo moja la kiufundi katika maelezo haya, chukua hili, na jaribu gemu yako kwenye simu mbaya kuliko zote unayoweza kuazima na kwenye simu nzuri kuliko zote, mapema kabisa.

Nilipomweleza binamu nilivyolitatua, aliniambia waandishi wa msimbo wanaoanza hukwama papo hapo. Tatizo ni lile lile na dawa ni ile ile. Vipande vilinikinga na tahajia tu, yaani nukta, mabano na herufi kubwa. Kufikiri kulibaki juu yangu. Tangu siku hiyo niliacha kuona aibu nikisema natumia programu ya kuburuta.

Na aibu hiyo ipo, tusidanganyane. Nimekaa kwenye vikao vya vijana wa teknolojia hapa mjini, nikitaja GDevelop mtu anatabasamu na kugeukia mwingine. Kwa wanaokutana na hilo: gemu maarufu ya Undertale, ya mwaka 2015, ilitengenezwa kwa GameMaker, programu iliyoanza mwaka 1999 mikononi mwa Mark Overmars wa Uholanzi kama chombo cha kuburuta. Gemu ya Hollow Knight, ya mwaka 2017, ilitengenezwa na watu wachache wa Australia ndani ya Unity, na mienendo ya maadui wake iliundwa kwa PlayMaker, ambayo ni kuunganisha vijisanduku kwa mistari. Imeuza nakala kwa mamilioni. Wachezaji hawakuuliza kilichoko chini.

Upande wa msimbo pia una ushahidi wake. Godot iliwahi kuwa na vipande vyake yenyewe, vilivyoingizwa na toleo la 3.0 mwaka 2018. Toleo la 4.0 lilipotoka mwaka 2023 vilikuwa vimeondolewa, kwa sababu waliovitumia walikuwa wachache mno. Na hapa Kenya tunaye Wesley Kirinya, aliyetengeneza gemu ya The Adventures of Nyangi wakati vyombo vingi vya leo havikuwepo mezani, kisha mwaka 2009 akaanzisha kampuni ya gemu ya Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Watu kama hao walipita njia ya msimbo, na njia hiyo ndiyo iliyowapa uwezo wa kuajiri wengine.

Kilichoanza kunihamisha mimi kwenda kwenye msimbo ni mvua.

Makanga mmoja mteja wetu alikuja kuchukua stika, nikampa simu acheze Chenji akisubiri. Alicheza vizuri, akacheka mahali pa kucheka, kisha akaniuliza, "Dadangu, na mvua ikinyesha?" Sikumwelewa. "Mvua ikinyesha nauli inapanda. Hapa kwako ni 70 tu kutwa nzima. Hiyo si Nairobi."

Alikuwa na haki. Nikarudi nyumbani na hamu ya kuweka mvua. Nikafungua ukurasa wa matukio nikatafuta 70. Ilikuwa kila mahali. Abiria wa kiti cha kwanza alikuwa na matukio yake, wa pili yake, hivyo hivyo hadi wa 14, kwa kuwa nilikuwa nimenakili na kubandika, na ndani ya kila nakala 70 ilijitokeza zaidi ya mara moja. Kupandisha nauli hadi 100 kulimaanisha kupitia kila kiti. Na makanga huyo huyo alikuwa ameniomba niongeze basi la viti 33.

Binamu alinionyesha mambo matatu jioni moja, na yote matatu yanawezekana ndani ya GDevelop. La kwanza, nauli iwe kigeu kimoja chenye jina, yaani kisanduku cha kuwekea thamani inayoweza kubadilika, na kila kiti kikiulizie hapo. Mvua ikianza, unabadilisha mahali pamoja. La pili, kila abiria abebe vigeu vyake mwenyewe: ametoa ngapi, anadai ngapi, anashukia wapi. Kisha tukio moja tu linalosema kwa kila abiria fanya hivi. Matukio ya viti 14 yakabaki ya kiti kimoja. La tatu ndilo lililonichukua muda kulielewa. Nilikuwa na vigeu vya ndiyo na hapana: amepanda, amelipa, amepewa chenji, anashuka. Vikichanganyika, abiria alishuka kabla hajapanda, au alidai chenji akiwa tayari barabarani. Akanifundisha kutumia kigeu kimoja cha hali, ambacho wakati wowote kina jibu moja tu: anasubiri, ameketi, anadai, amemalizana nasi, anashuka. Kutoka hali moja kwenda nyingine kuna njia inayojulikana. Abiria wa ajabu wakaisha.

Kwa hiyo mtu mwenye uzoefu angeimaliza Chenji yote kwenye GDevelop, na natamani msomaji alishike hilo. Mimi nilihama kwa sababu ya kusoma. Ukurasa wangu wa matukio ulikuwa umerefuka kiasi kwamba nikitafuta kosa nilishuka na kupanda hadi macho yakauma. Nilipotaka msaada, nilimpigia binamu picha za skrini, naye akaniomba picha nyingine ya juu yake, na nyingine ya chini yake. Msimbo ni maandishi. Unautuma kwa WhatsApp, mtu anausoma akiwa kwenye foleni ya Mombasa Road, anakujibu mstari gani una shida. Unatafuta neno moja ukaona lilipo katika faili zote. Na ukitumia Git, programu ya kutunza kila toleo la msimbo wako, unaona hasa kilichobadilika kati ya jana, gemu ilipofanya kazi, na leo, ilipogoma.

Tulichagua Godot, ambayo waanzilishi wake, Juan Linietsky na Ariel Manzur, ni wa Argentina. Ilitolewa wazi kwa umma mwaka 2014, ni bure kabisa, hakuna asilimia unayolipa hata gemu ikiuza. Jambo la leseni lilikuwa na uzito kwetu. Septemba 2023 Unity ilitangaza ada mpya iliyohesabiwa kwa kila mara gemu inapowekwa kwenye kifaa, watengenezaji dunia nzima wakapinga, na ada hiyo ikafutwa Septemba 2024. Anayejua kuandika msimbo aliweza kuhama na ujuzi wake. Mradi wa vipande haubebeki hivyo: ukurasa wa GDevelop haufunguki kwenye Construct, wala wa Construct kwenye GameMaker. Ukiona unajenga kitu utakachoishi nacho miaka mingi, lipime hilo.

Lugha ya Godot, GDScript, inafanana na Python, lugha nyingine maarufu ya kuprogramu. Hiki ni kipande cha gemu yangu kama kilivyo:

for abiria in abiria_wote:
    if abiria.anashuka and abiria.anadai > 0:
        abiria.lalamika()

Kwa kila abiria katika abiria wote, ikiwa anashuka na bado anadai, alalamike. Maneno manne ya Kiingereza ni ya lugha yenyewe, yaliyobaki niliyapa majina mimi. Watu wengi hawajui kwamba majina ya vigeu ni yako. Yangu yote ni Kiswahili, na nikifungua faili baada ya miezi naelewa nilichokuwa nawaza bila kukisia.

Usidhani nilivuka kwa urahisi. Mwanzoni niliona nimerudi nyuma. Gemu iliyokuwa ikikimbia kwenye GDevelop sasa haikuwa na hata mama wa kikapu. Godot hupanga kila kitu kwa matawi, tawi ndani ya tawi, na nilihitaji muda kuelewa kwa nini noti ya abiria lazima iwe chini ya abiria ili isafiri naye. Nafasi moja iliyokosekana mwanzoni mwa mstari ilitosha kuisimamisha gemu nzima, na ujumbe wa kosa ukaja kwa Kiingereza cha mafundi. Kulikuwa na usiku niliofunga laptopu nikalala na hasira. Kilichonishikilia ni kwamba kila nilichokiandika nilikuwa nakijua tayari. Sharti, kigeu, hali, kwa kila abiria, muda kwa sekunde: yote nilikuwa nimeyafanya kwa mikono. Wenzangu wa lile darasa la jioni walipewa msamiati huo huo bila kitu cha kuupachika, na ndiyo tofauti ninayoiona.

Ushauri wangu kwa anayevuka: usianze gemu mpya. Chukua ile uliyoimaliza kwa vipande, au kipande chake kidogo, uiandike upya kwa msimbo. Utakuwa unajifunza kitu kimoja badala ya viwili. Na mwambie mtu mmoja anayejua akuruhusu kumsumbua. Mimi nilimlipa binamu kwa kumsanifia nembo, na deni hilo sijalimaliza.

Je, gemu yako inahitaji msimbo? Gemu za mafumbo, za kuruka na kukimbia, za hadithi yenye kuchagua majibu, vipande vinazimudu mwanzo hadi mwisho. Gemu ambayo watu wengi wanacheza pamoja kwa intaneti, au ambayo hesabu ndiyo moyo wake, kama uchumi wa soko zima, au yenye ulimwengu unaojizalisha wenyewe kila ukianza, itakusukuma kwenye msimbo mapema. Na kama nia yako ni kuajiriwa na kampuni ya gemu, vipande vitakupa gemu ya kuonyesha, ila kwa nafasi ya mwandishi wa programu tarajia kuulizwa msimbo wako. Asiyetaka kuajiriwa, anayetaka gemu yake moja iwepo duniani, simwoni kwa nini ajitese.

Kuitoa kwenye Play Store kulikuwa na masharti yake ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Akaunti ni dola 25, unalipa mara moja. Dola ikiwa karibu shilingi 129 hiyo ni kama 3,225. Sina kadi ya benki ya kulipia nje, nilitumia M-Pesa GlobalPay, inayokupa namba ya kadi ya Visa kutoka kwenye simu yako. Halafu akaunti mpya ya mtu binafsi, iliyofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023, lazima iwe na wajaribuji wasiopungua 12 waliobaki kwenye jaribio siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kutoa gemu kwa wote. Mwanzoni walitakiwa 20, idadi ikapunguzwa Desemba 2024. Andaa watu wako mapema na uwazidishe, kwa sababu mmoja akijitoa katikati unaweza kubaki chini ya 12. Wangu walikuwa wanachama wa chama, wale wale niliokopa pesa zao. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu alinipigia kuniambia vitufe vya sarafu ni vidogo kwa kidole gumba chake, na kwamba sarafu ya 5 na ya 10 zinafanana. Nilizikuza na kubadilisha rangi siku hiyo hiyo. Hakuna mtaalamu aliyekuwa ameliona hilo.

Ukiwa bado huna uhakika, usianzie Play Store. Weka gemu itch.io, tovuti ya kuweka gemu, ni bure, na watu wanaicheza ndani ya kivinjari bila kupakua. Nami niliweka toleo la GDevelop hapo kwanza.

Kuhusu mapato: Chenji haijarudisha bei ya laptopu. Imeniletea kazi mbili za kuchora wahusika wa gemu za watu wengine, na hizo ndizo zilizomaliza mkopo.

Wasio na laptopu mara nyingi huambiwa wasubiri, na sikubaliani na hilo. GDevelop ina programu ya simu za Android. Pocket Code, iliyotoka chuo kikuu cha teknolojia cha Graz huko Austria, inapanga vipande kwenye simu kwa mtindo wa Scratch. Hata Godot ina toleo la Android lenye karibu kila kitu, ingawa kwenye skrini ndogo vidole vitapata shida. Ukipata tableti ya kuazima na kibodi ya bluetooth, unaweza kuandika msimbo halisi ukiwa umeketi kwenye maktaba ya taifa pale Upper Hill, wakati unatafuta pesa ya laptopu. Anza na abiria mmoja apande gari, umwonyeshe mtu wako wa karibu kabla hujaongeza wa pili.